Jinsi ya Kujiandaa kwa Upasuaji wa Kubadilisha Ukubwa wa Vipandikizi vya Matiti

Mwanamke anayetaka kubadilisha ukubwa wa vipandikizi vya matiti kwa kawaida huanza na namba: ana mililita 250, sasa anataka 400, au anataka kurudi chini. Namba peke yake haimwambii daktari mengi. Vipandikizi viwili vyenye ujazo uleule wa mililita 300 vinaweza kupishana upana kwa zaidi ya sentimita moja, kwa kuwa kimoja ni kipana na bapa, kingine ni chembamba na kimechomoza mbele. Kinachoamua kipi kitakukaa vizuri ni upana wa titi lako na unene wa ngozi na nyama zitakazokifunika.

Kwanza tafuta kadi uliyopewa baada ya upasuaji wa awali, ambayo huonyesha mtengenezaji, namba ya utambulisho, ujazo na aina ya kipandikizi. Ikiwa imepotea, omba hospitalini nakala ya kumbukumbu za upasuaji, ambazo pia zitaeleza kama kipandikizi kiliwekwa juu au chini ya msuli wa kifua. Usidhani haya ni makaratasi tu. Mwaka 2010 vipandikizi vya kampuni ya Ufaransa, Poly Implant Prothèse, viliondolewa sokoni baada ya kubainika kuwa vilijazwa silikoni isiyoidhinishwa kwa tiba. Julai 2019 kampuni ya Allergan nayo iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya BIOCELL, vyenye uso wa kukwaruza, kwa sababu vilihusishwa na saratani adimu ya limfu inayojitokeza kwenye utando wa kovu unaokizunguka kipandikizi. Asiye na dalili hakushauriwa kuvitoa kwa sababu hiyo pekee, lakini ukiwa tayari unarudi chumba cha upasuaji, daktari lazima ajue ulichonacho.

Ikiwa upasuaji wa kwanza ni wa karibuni, subiri. Uvimbe hupungua na kipandikizi hushuka taratibu, kwa hiyo madaktari wengi hutaka angalau miezi sita ipite. Anayenyonyesha naye asubiri hadi amalize na matiti yatulie.

Ukitaka kuongeza, jaribu kwanza ukubwa huo nyumbani: pima mchele wa ujazo unaotaka kuongeza, kwa mfano mililita 100, uutie kwenye soksi nyembamba ya kike, uufunge na kuulaza ndani ya sidiria juu ya kila titi, kisha vaa nguo zako za kila siku na ufanye kazi zako za kawaida. Ongezeko la mililita 30 au 50 mara nyingi halionekani, na haifai kupasuliwa kwa ajili yake.

Swali kubwa la kumuuliza daktari linahusu ule mfuko wa kovu ambao mwili umeujenga kuzunguka kipandikizi cha zamani. Ukiongeza ukubwa, mfuko huo hupanuliwa, na uzito mpya huendelea kuvuta na kukondesha ngozi kwa miaka ijayo. Ukipunguza, mfuko hubaki mpana kuliko kipandikizi, hivyo hushonwa ili ubane, na ngozi iliyolegea inaweza kuhitaji kuinuliwa, jambo linaloongeza makovu. Ikiwa utando umekakamaa na kubana, huenda ukaondolewa wote au sehemu yake. Daktari anayekuahidi kwamba ni kutoa na kuingiza tu, kabla hata hajakupima, usimkubalie haraka. Kenya, jina lake litafute kwenye rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Tanzania, kwenye ile ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kisha hakikisha ubingwa wake ni wa upasuaji wa kurekebisha maumbile.

Mweleze dawa zote unazotumia, zikiwemo aspirini na za mitishamba, na uache sigara walau wiki nne kabla na wiki nne baada, kwa sababu nikotini huzuia kidonda kupona. Upasuaji kwa kawaida hufanywa kwa dawa ya usingizi, na wengi huruhusiwa kwenda nyumbani siku hiyohiyo. Usibebe mtoto wala ndoo ya maji kwa wiki kadhaa. Titi moja likivimba ghafla kuliko jingine, likawa jekundu au likatoa usaha, au ukapata homa, rudi hospitalini siku hiyohiyo. Kifua kikikubana au pumzi ikikupaa, ni dharura.

Dai kadi mpya kabla ya kuondoka. Kwa vipandikizi vya silikoni, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inashauri kipimo cha MRI au ultrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3, hata kama husikii maumivu yoyote. Gharama hiyo iweke kwenye bajeti tangu mwanzo.