Namna ya kutumia prednisoloni unapoanza ARV huku ukitibiwa kifua kikuu

Mtu mwenye VVU aliyeanza kutibiwa kifua kikuu, kisha akaanzishiwa ARV, anaweza kupata nafuu kwa wiki mbili au tatu, halafu homa ikarudi na matezi ya shingo yakavimba hadi kugeuza kichwa kukawa kazi. Wengi hudhani dawa zimeshindwa. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba kinga iliyodhoofika imepata nguvu, imewatambua bakteria wa kifua kikuu, hata waliokwisha kufa, na inawashambulia kupita kiasi. Hali hii madaktari huiita IRIS, na huwapata zaidi wenye CD4 (chembe za kinga katika damu) za chini sana.

Rudi kliniki mapema, na usiache ARV wala dawa za kifua kikuu. Daktari anaweza kukutibu IRIS kwa prednisoloni, lakini kwa kuwa dawa hii hutuliza kinga, atahitaji kwanza kujua kama kifua kikuu chako si sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, na kama hakuna ugonjwa mwingine nyemelezi. Mwonyeshe doa lolote la zambarau au jeusi kwenye ngozi au ndani ya kinywa, hata kama haliumi, kwa sababu saratani ya Kaposi huweza kuchochewa na dawa hii.

Daktari anaweza pia kukupa dawa hiyo kama kinga, kabla dalili hazijatokea. Katika utafiti wa Khayelitsha, Cape Town, uliochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 240 wenye CD4 zisizozidi 100 waligawanywa makundi mawili. Waliopewa prednisoni, ambayo mwili huigeuza kuwa prednisoloni, miligramu 40 kwa siku 14 kisha 20 kwa siku 14, walipata IRIS kwa asilimia 32.5, na waliopewa vidonge visivyo na dawa kwa asilimia 46.7.

Miligramu 40 ni vidonge 8 vya miligramu 5. Vihesabu kiganjani asubuhi, uvimeze baada ya kula, kwani ukivimeza usiku huenda usingizi usije, na uweke alama kwenye kalenda siku ambayo dozi itapungua. Usiazime dozi ya jirani: rifampisini hupunguza kiasi cha prednisoloni mwilini, hivyo kipimo chako hupangwa na daktari wako, na hata kuiacha hufanywa kwa maelekezo yake, si ghafla.

Omba upimwe sukari na shinikizo la damu. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara au choo cheusi kama lami ni sababu za kurudi kabla ya tarehe yako.

Kichwa kikiuma vikali pamoja na kutapika au kuchanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na useme mara moja kwamba unatumia prednisoloni. Huenda ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi, na utafiti uliofanywa Afrika na Asia, uliochapishwa mwaka 2016, ulisimamishwa mapema baada ya kuonekana kwamba deksamethasoni, ndugu wa dawa hii, iliwadhuru wagonjwa wa aina hiyo.