Msiba ukitokea Dodoma: mwili, kaburi na karatasi

Mtu akifia nyumbani, mfumbeni macho, mfungeni taya kwa kitambaa kinachopita chini ya kidevu hadi utosini, mnyoosheni mikono na miguu, kisha mfunikeni. Fanyeni hivyo mapema. Taya hukakamaa ndani ya saa 2 hadi 6 tangu kifo, na zikipita kama saa 12 tangu kifo mwili wote umekaza. Aliyeachwa amejikunja atawapa shida waoshaji.

Kama ni ajali, amejidhuru, au amekufa ghafla bila sababu kujulikana, msimguse. Mwiteni mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, naye ataita polisi. Mkizika haraka katika hali hiyo, mahakama inaweza kuamuru kaburi lifukuliwe. Ikiwa alikuwa na kipindupindu, msioshe mwili wenyewe; mwiteni afisa afya.

Siku hiyohiyo, kabla hata ya kutafuta turubai, chagueni mtu mmoja wa kushika karatasi. Asiwe yule yule anayehangaika na mchele na sufuria. Marehemu akifia hospitali, hospitali hutoa tangazo la kifo. Akifia nyumbani, mtendaji wa kijiji au wa kata ndiye anayeandikisha kifo na kutoa kibali cha mazishi. Mshika karatasi aende na kitambulisho cha taifa cha marehemu, na asome kila herufi kabla ya kuondoka dirishani. Mzee aliyejulikana kwa jina la ubatizo kanisani, la ukoo kijijini na la tatu benki huacha kazi kubwa: cheti cha kifo kikibeba jina moja na akaunti jingine, mjane atazungushwa kwa viapo miezi mingi. Jina lifuate kitambulisho. Hili tunalisisitiza kuliko yote, kwa sababu ndilo linalopuuzwa zaidi.

Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Maombi ya cheti hupelekwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwenye ofisi ya wilaya au kwa mtandao kupitia mfumo wa eRITA, pamoja na ile hati ya mwanzo ya hospitali au ya mtendaji. Mkichelewa, ada hupanda na maswali huongezeka. Mwili ukisafirishwa kwenda mkoa mwingine, jambo la kawaida Dodoma penye watumishi wengi wa kutoka mbali, ombeni kibali cha kusafirisha mwili kabla gari halijawashwa.

Sasa kaburi. Ardhi ya hapa wakati wa kiangazi ni ngumu, na vijana walioanza kuchimba asubuhi ya mazishi huwafanya watu wasubiri juani. Anzeni jana yake mchana. Chimbeni kadiri mtakavyoweza, mwagieni maji jioni, yalale humo, kesho mwendelee kwa sururu na mtaimbo. Vijana 8 wanaopokezana wanatosha. Kina kiwe futi 5 hadi 6. Kwa urefu na upana, pimeni jeneza lenyewe pamoja na vishikio vyake, muongeze nusu futi kila upande. Jeneza kukwama mbele ya wafiwa ni uchungu juu ya uchungu. Masika, chimbeni mfereji mdogo kulizunguka na mlifunike turubai. Kwa Waislamu, kibla kutoka Dodoma ni kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo, hivyo kaburi hulala mashariki kwenda magharibi na kichwa huwa mashariki, ili maiti akilazwa ubavu wa kulia uso uelekee kibla. Ndani ya jiji, ulizeni ofisi ya mtaa kuhusu makaburi. Msizike kwenye kiwanja cha makazi kilichopimwa bila ruhusa.

Rambirambi ziandikwe daftarini jina kwa jina, na wawili wahesabu kila jioni. Matumizi yawe na ukurasa wake.

Kadi ya benki na laini ya simu ya marehemu ziwekwe. Kutoa pesa kwa namba ya siri ya marehemu, hata za kununulia sanda, kunaweza kugeuka kesi. Vivyo hivyo, shemeji hana haki ya kubeba ng'ombe au kumtoa mjane nyumbani kabla mirathi haijafunguliwa. Ukoo ukae, umpendekeze msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao utiwe saini na waliohudhuria, mjane na watoto wakubwa wakiwemo. Mirathi ya kimila au ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikoishi marehemu. Msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, isipokuwa mahakama imwongezee muda.

Kama marehemu alichangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, wategemezi wadai mafao yao. Andaeni nakala za cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya usimamizi. Nakala halisi zibaki kwa mjane.