Jinsi ya Kutumia Lenzi Ndogo ya Zamani Kwenye Kamera ya Renjifainda

Mtu anayeanza kutumia kamera ya renjifainda (ile ambayo unalenga umbali kwa kulinganisha picha mbili ndani ya kitazamio) bila fedha nyingi nampendekezea lenzi ya milimita 50 ya aina ile inayosukumwa ndani ya kamera isipotumika, yenye tundu la mwanga la f/3.5 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Mfano unaopatikana kwa wingi ni Industar-22, iliyotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti kwa ajili ya kamera za Zorki na FED. Kwa nje inafanana sana na Elmar, lenzi ya Leitz, kampuni iliyotengeneza kamera za Leica, na kwa ndani inafuata mpangilio wa Tessar, yaani vioo vinne katika makundi matatu, ambao Paul Rudolph aliubuni katika kampuni ya Zeiss mwaka 1902. Wengi huidharau kwa sababu f/3.5 si tundu kubwa, lakini mimi naona udogo huo ni faida. Ndio unaoifanya lenzi iwe nyepesi na fupi, na ndio unaoficha makosa madogo ya kulenga ambayo lenzi za f/1.5 huyaanika. Sharti ni moja tu: uhakikishe kwanza kwamba lenzi na kamera yako zinakubaliana kuhusu umbali.

Kabla ya kununua, geuza lenzi uangalie upande wa nyuma, kwa kuwa hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Lenzi za renjifainda za mtindo wa zamani wa Leica hufungwa kwa hesi zenye kipenyo cha milimita 39, lakini kamera za kwanza za Zenit, ambazo hutumia kioo cha kuakisi, nazo zina hesi za kipenyo hicho hicho. Lenzi ya Zenit itaingia vizuri kabisa kwenye renjifainda yako na haitatoa picha kali hata moja, kwa sababu imeundwa kukaa milimita 45.2 kutoka kwenye filamu, ilhali renjifainda inataka milimita 28.8. Industar-50, kwa mfano, ilitengenezwa kwa aina zote mbili. Njia ya kuzitofautisha ni kuzungusha pete ya umbali huku ukitazama nyuma ya lenzi: ile ya renjifainda ina duara la chuma linalosogea mbele na nyuma kadiri unavyozungusha, kwani duara hilo ndilo linalosukuma gurudumu dogo au kijimkono kilichomo ndani ya kamera. Ziepuke pia lenzi za FED za kabla ya Vita Kuu ya Pili, kwa sababu wakati huo kila lenzi ilirekebishwa ifae kamera yake, na si rahisi kuihamishia kwenye kamera nyingine. Ukikuta lenzi iliyochorwa jina la Elmar kwa bei ya chini mno, fahamu kwamba Industar nyingi zimefutwa maandishi na kuchorwa upya.

Kisha fungua tundu lote na umulike tochi kutoka nyuma. Vumbi kidogo halina madhara. Utando mweupe unaofunika kioo cha ndani hupunguza ukolezi wa picha, lakini fundi anaweza kuusafisha. Kuvu, inayoonekana kama nyuzi nyembamba zinazosambaa kutoka pembeni, ni jambo zito zaidi, kwa kuwa ikikaa muda mrefu huila rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo. Mafuta kwenye vibapa vya tundu, yaani vipande vyembamba vinavyolifungua na kulifunga, si tatizo kubwa katika lenzi hizi, kwa sababu tundu husogezwa kwa mkono na halitegemei springi.

Kwa kamera za Leica za aina ya M, zilizoanza na M3 mwaka 1954, utahitaji adapta. Masafa ya M kutoka kwenye filamu ni milimita 27.8, hivyo adapta sahihi ina unene wa milimita 1 kamili. Ikizidi au ikipungua hata kidogo, ulengaji wote unaharibika. Adapta hizi huuzwa kwa makundi kulingana na fremu zinazojitokeza kwenye kitazamio, nawe uchague ile inayoleta fremu ya milimita 50.

Kufungua lenzi kunahitaji mazoea. Ishike sehemu ya mbele, ivute hadi mwisho, kisha izungushe kuelekea kulia mpaka uhisi imejifunga. Usiridhike na kuivuta tu: lenzi iliyovutwa bila kufungwa hurudi nyuma kidogo unapoigusa, na picha za filamu nzima hutoka bila ukali bila wewe kujua kilichotokea. Baada ya hapo bonyeza kitufe kilicho kwenye kijimkono cha umbali ili kiachie alama ya umbali usio na kikomo, ambako lenzi hujifunga yenyewe kila unapoirudisha.

Kuhusu kuisukuma ndani, kuwa mwangalifu sana. Kwenye kamera za filamu za mtindo wa zamani, ambazo lenzi hizi zilikusudiwa, kwa kawaida hakuna tatizo. Lakini Leica M5 na Leica CL zina mkono wa kupimia mwanga unaosimama mbele ya shata (pazia linaloruhusu mwanga kufikia filamu), na bomba la lenzi linaweza kuugonga. Kwenye kamera za kidijitali pia sishauri kuisukuma ndani bila kupima. Njia salama ambayo wapiga picha wengi huitumia ni kuzungushia bomba utepe mnene wa plastiki wa kubandika, ili lenzi ikisukumwa isiweze kuingia yote.

Sasa tufike kwenye jaribio ambalo nasisitiza lisirukwe. Anza na vitu vya mbali: zungusha pete hadi mwisho wake, kisha tazama mnara au mti ulio umbali wa kilomita moja au zaidi. Picha mbili zilizo katikati ya kitazamio zinapaswa kulingana kabisa. Zisipolingana, kosa linaweza kuwa la kamera badala ya lenzi, kwa hiyo jaribu na lenzi nyingine kabla ya kulaumu yoyote. Kisha weka kamera kwenye tripodi, laza rula kwa mshazari, fungua tundu hadi f/3.5 na ulenge alama moja ya katikati ukiwa umbali wa mita 1, ambao ndio ukaribu wa mwisho kwa nyingi ya lenzi hizi. Kwa umbali huo, sehemu inayoonekana kali ni kama sentimita 8 tu, mbele na nyuma kwa pamoja, kwa hiyo kosa litajionyesha lenyewe. Kwenye kamera ya kidijitali utaona matokeo papo hapo. Kwenye kamera ya filamu ambayo mgongo wake hutoka wote, kama Zorki-4, unaweza kubandika utepe wa plastiki wenye rangi ya maziwa pale filamu inapopita, ukafungua shata kwa alama ya B, inayoiacha wazi muda wote unapobonyeza, na kuitazama picha kwa kioo cha kukuza.

Ikiwa alama iliyo kali iko mbele au nyuma ya ile uliyoilenga, usikate tamaa. Lenzi za Kisovieti hazikupimwa sawasawa na zile za Leica, ndiyo maana tofauti hiyo hujitokeza zaidi kwenye vitu vya karibu. Fundi anaweza kuongeza au kupunguza pete nyembamba ya chuma ndani ya lenzi. Bila fundi, funga tundu hadi f/5.6 na usikaribie zaidi ya mita 2. Hapo sehemu kali inafikia takriban nusu mita, na kosa la sentimita chache halitaonekana.

Katika upigaji wenyewe, nguvu ya lenzi hii ni kazi ya mtaani mchana. Ukitumia filamu ya ISO 400 wakati jua limefunikwa na wingu jepesi, weka shata sekunde 1/500, tundu f/11 na umbali mita 5. Kila kitu kuanzia kama mita 3 hadi 14 kitakuwa kikali vya kutosha, nawe hutahitaji kulenga upya kila mara mtu anapopita. Kwenye f/3.5 katikati ya picha huwa safi lakini pembe hulegea. Kufikia f/8 pembe nazo hukaza. Baadhi ya lenzi za zamani zina namba kama 6.3, 9 na 12.5, ambazo zimezidi kidogo tu 5.6, 8 na 11 za leo, kwa hiyo kwa filamu ya kawaida zihesabu kuwa sawa.

Udhaifu wake mkubwa ni mwanga wa kutoka mbele. Jua likiingia kwa pembeni, weusi hugeuka kijivu, hasa kwa lenzi ambazo vioo vyake havikupakwa kinga. Tumia kinga ya mwanga, yaani kikombe kinachofungwa mbele ya lenzi, lakini chagua tundu kabla ya kuifunga, kwa sababu kijipini cha kubadilishia tundu kiko mbele kabisa, kando ya kioo, na kinga nyingi hukifunika. Ukiwa huna kinga, kiganja cha mkono wa kushoto kilichowekwa nje ya fremu kinatosha. Kioo chenyewe ukipulize kwanza, ukipanguse kwa brashi laini, na kitambaa kiwe cha mwisho, kwa kuwa rangi za kinga zilizopakwa kwenye vioo vya enzi hizo hukwaruzika kwa urahisi. Pete ya umbali ikiwa ngumu, usiilazimishe wala usiitilie mafuta kwa nje. Grisi iliyokauka inapaswa kuondolewa yote na fundi na kuwekwa mpya, maana mafuta mepesi hutiririka hadi kwenye vibapa na vioo.