Somo: Kuunganisha tableti na ruta ya safari, kwa laini ya simu au kwa Wi-Fi ya gesti

Tableti nyingi za bei nafuu hazina mahali pa kuweka laini, na gesti nyingi Wi-Fi inashika vizuri mapokezi, ukiingia chumbani inakata. Ruta ndogo ya safari inabeba kazi hiyo yote: yenyewe ndiyo inayohangaika kutafuta intaneti, tableti inabaki na mtandao mmoja tu inaoujua.

Mfano wetu ni GL.iNet GL-MT300N-V2, ile ya njano inayoenea kiganjani, pamoja na modemu ya USB (kifaa kidogo kinachobeba laini ya simu na kuleta intaneti) ya Huawei E3372 aina ya HiLink. Ruta ya kampuni nyingine hatua ni zilezile, anwani na majina ya vitufe ndivyo vinavyobadilika.

Andaa pia chaja ya 5V 2A, waya mfupi na mnene wa micro USB, na laini yenye bando.

1. Laini. Iweke kwanza kwenye simu, zima PIN ya laini, kisha fungua ukurasa wowote kwa data. Laini yenye PIN ikiingia kwenye modemu inakaa tu ikisubiri namba, na wewe utadhani modemu imekufa.

2. Umeme. Chomeka ruta kwenye chaja, subiri kama dakika moja iwake kikamilifu. Modemu bado usiichomeke.

3. Tableti. Geuza ruta, chini kuna karatasi yenye jina la Wi-Fi na nywila. Unganisha tableti kwa jina hilo. Tableti ikilalamika kwamba mtandao hauna intaneti, iambie ibaki hapohapo.

4. Ukurasa wa ruta. Kwenye kivinjari andika 192.168.8.1. Jiwekee nywila ya msimamizi, yaani ya kufungulia ukurasa huu, halafu badilisha nywila ya Wi-Fi, maana ile ya kiwandani, goodlife, inajulikana na kila mwenye ruta hizi. Ukihifadhi, tableti itatupwa nje. Ingia upya kwa nywila mpya.

5. Badilisha anwani ya ruta. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tutulie kidogo. Ruta hii inatumia 192.168.8.1, na modemu za HiLink nazo zinatumia 192.168.8.1. Ni sawa na nyumba mbili za mtaa mmoja kupewa namba moja: mpeleka mzigo hajui abishe hodi wapi. Dalili yake ni modemu kuwaka taa vizuri kabisa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Nenda kwenye mipangilio ya LAN (mtandao wa ndani wa ruta), andika 192.168.50.1, hifadhi, kisha unganisha tableti upya. Kuanzia hapo ruta inafunguliwa kwa anwani hiyo mpya.

6. Modemu. Weka laini ndani yake, kisha ichomeke kwenye ruta. Usiitafute palipoandikwa "Cellular". HiLink hujitambulisha kwa ruta kama kadi ya mtandao, hivyo huonekana chini ya "Tethering". Ichague, unganisha. Ikikataa, andika 192.168.8.1: safari hii utafunguka ukurasa wa modemu yenyewe, na humo ndimo unamokagua APN (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu). Vodacom Tanzania na Airtel ni internet, Safaricom ni safaricom.

Ukiwa na Wi-Fi ya gesti, modemu haihitajiki. Kwenye ukurasa wa ruta chagua "Repeater", tafuta mtandao wa gesti, weka nywila. Gesti zenye ukurasa wa kuandika namba ya chumba au vocha zinasumbua zaidi. Ruta na tableti zinaweza kuuzuia ukurasa huo kupitia DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani. Kwa hizo, zima kinga ya "DNS Rebinding" kwenye ruta, zima DNS ya faragha ("Private DNS") kwenye tableti, kisha fungua neverssl.com. Ukurasa huo hautumii https, kwa hiyo gesti inaweza kukuelekeza kwenye ukurasa wake. Ukishaingia mara moja, vifaa vyote vilivyo nyuma ya ruta vinapita, kwa sababu gesti inaona kifaa kimoja tu. Kisha rudisha kinga uliyoizima.

Intaneti ikigoma, usianze kubonyeza kila kitu. Fungua ukurasa wa ruta. Ukifunguka, tableti na ruta hazina tatizo. Kosa liko kwenye modemu, bando au gesti. Usipofunguka, kosa liko kati ya tableti na ruta.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimetoka gesti sasa natumia modemu, ila Wi-Fi ya ruta inapotea na kurudi kila baada ya muda mfupi.

Jibu: Ruta hii ina redio moja tu (kipokezi na kirusha mawimbi ya Wi-Fi), ya 2.4 GHz. Bado inautafuta mtandao wa gesti, na kila inapozunguka kuutafuta inaiacha tableti yako. Ingia "Repeater", usahaulishe mtandao wa gesti au zima kabisa kipengele hicho.

Swali: Modemu inazima na kuwaka nikipiga simu ya video. Kusoma kurasa haina shida.

Jibu: Umeme hautoshi, ndugu. Modemu inapotuma data nyingi inavuta umeme zaidi. USB ya kompyuta ya zamani hutoa 500 mA tu, na waya mrefu mwembamba nao unapunguza. Tumia chaja ya 2A na waya mfupi.

Swali: Pawabenki ya 10,000 mAh itakaa saa ngapi?

Jibu: Hiyo ni kama Wh (wati-saa) 37, ukitoa upotevu zinabaki takriban 30. Ruta na modemu pamoja zikila wati 4 hadi 5, tegemea saa 6 hadi 7.

Swali: Bando la wiki limeisha usiku mmoja na sikuangalia video hata moja!

Jibu: Pole sana dada. Tableti ikiona Wi-Fi inadhani ni bure, inapakua masasisho na kupandisha picha ukiwa umelala. Kwenye Android, fungua mipangilio ya mtandao huo na uuweke kuwa unaopima data. Kwenye iPad, gusa alama ya i mbele ya jina la Wi-Fi, washa "Low Data Mode".

Swali: Niko Mji Mkongwe, Zanzibar. Ruta ipo kitandani, inapokea gesti kwa shida, na kasi ni nusu ya ile ya mapokezi.

Jibu: Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, zinameza mawimbi. Hamishia ruta dirishani au karibu na mlango, upande wa mapokezi. Tableti ndiyo ibaki kitandani. Ile nusu ni kawaida: redio moja inapokea na kutuma kwa zamu. Ukitaka zaidi, nunua yenye redio mbili, ya 2.4 na ya 5 GHz, mfano GL-MT3000, ipokee kwa 2.4 na ikutumie kwa 5.