Kuomba uzamili wa Kihispania na Kireno ukiwa Kigoma

Mhitimu wa shahada ya kwanza aliyeko Kigoma, anayekusudia kusoma lugha na fasihi ya Kihispania na Kireno katika ngazi ya uzamili au uzamivu, atafute swali la utafiti kabla ya kutafuta chuo. Kamati za udahili hupokea barua nyingi za waombaji wanaosema kwamba wanapenda lugha, na kauli hiyo haimtofautishi yeyote na mwenzake.

Swali zuri liko jirani. Katika Os Lusíadas, utenzi wa Luís de Camões uliochapishwa Lisbon mwaka 1572, Vasco da Gama anamsimulia mfalme wa Malindi historia ya Ureno, na masimulizi hayo yanachukua sehemu tatu kati ya kumi za utenzi mzima. Basi, badala ya kuandika "Navutiwa na fasihi ya Kireno", andika: "Nakusudia kuchunguza jinsi Camões anavyomchora mfalme wa Malindi kama msikilizaji, na kumlinganisha na mfalme anayeelezwa katika taarifa za safari ya mwaka 1498." Hapo msomaji ameona matini, kipindi na sababu ya Mswahili kulishika swali hilo. Anayependa maandishi ya sasa anaye Paulina Chiziane wa Msumbiji, mshindi wa Tuzo ya Camões mwaka 2021, na kwa Kihispania ipo fasihi ya Guinea ya Ikweta, ambayo kwa maoni yangu haijasomwa vya kutosha.

Kuhusu vyeti vya lugha, DELE ya Kihispania haina ukomo wa muda, ilhali SIELE, cheti kingine cha Kihispania, hudumu miaka mitano. Kwa Kireno cha Brazil kuna Celpe-Bras, mtihani mmoja kwa watahiniwa wote, ambao alama zake ndizo zinazoamua daraja la mtahiniwa. Kabla ya kulipia, hakikisha kituo cha mtihani kiko wapi, maana nauli ya kutoka Kigoma huweza kuipita ada yenyewe. Aliyeokota Kifaransa kwa kufanya biashara na Warundi au Wakongo atasoma lugha hizi upesi, ingawa matamshi yatamsumbua.

Nchini Marekani idara nyingi huziweka lugha hizi mbili pamoja, na mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi husamehewa ada na kulipwa posho kwa kufundisha madarasa ya wanaoanza. Kwa kuwa wanaojifunza Kihispania huko ni wengi mno kuliko wa Kireno, hata mtafiti wa Camões ajiandae kufundisha Kihispania; asiyekimudu hujifungia mlango wa ufadhili.

Maombi mengi ya huko hufungwa Desemba au Januari. Waombe wahadhiri wako barua za mapendekezo miezi miwili kabla, andaa insha ya kitaaluma katika lugha unayoiombea, na upakie nyaraka mapema, kwa kuwa umeme ukikatika usiku wa mwisho hakuna atakayekuongezea muda. Ada ya maombi ikikushinda, iandikie idara kuomba msamaha wa ada hiyo kabla hujawasilisha fomu.