Kuosha injini nyumbani bila kuua waya, hasa sisi wa Mombasa

Kabla hujafungua boneti jiulize kwanza, hayo maji yatoka wapi? Nyumba nyingi hapa kwetu ni za kisima na maji ya kisima mengi yana chumvi, sasa ukiyamwagia injini ni sawa na kuipeleka kuogelea baharini pale ufuo wa Pirates, maji yakishakauka chumvi inabaki kwenye soketi za waya na inakula shaba polepole, baadaye taa ya injini inawaka kwa dashibodi halafu fundi akuuzie sensa wakati ya kwanza haikuwa na neno. Hewa ya bahari peke yake yatosha kutuharibia, tusiiongezee. Nunua mtungi wa lita 20 wa maji matamu kwa mtu wa mkokoteni, na ukiona hautoshi basi jua unamwaga, huoshi.

Fanya asubuhi jua halijapanda na injini imelala usiku kucha. Manifoldi, yaani yale mabomba ya moshi yaliyoshikana na injini, ikiwa moto ikapigwa na maji baridi yaweza kupasuka, na juani degrisa, ile dawa ya kuyeyusha grisi, inakauka kabla haijafanya kazi.

Anza kavu. Pale chini ya waipa kuna matundu ya kutoa maji, na kama unaegesha chini ya mwarobaini lazima yamejaa majani, yatoe kwa mkono. Angalia na kiota cha panya, wanapenda hapo.

Betri: spana 10, toa waya wa negativu kwanza, kwa sababu ukianza na positivu na spana ikagusa bodi, cheche hizo. Ile poda nyeupe au ya kijani kwenye taminali, changanya kijiko cha baking soda na kikombe cha maji ya vuguvugu, sugua na mswaki mzee, itatoa povu, pangusa hadi pakauke, vifuniko vya betri viwe vimefungwa isije ikaingia ndani. Vaa miwani na glavu, hiyo ni asidi.

Kisha funika oltaneta (inayochaji betri), fyuzi boksi, koili (zinazopeleka umeme kwa plagi) na mdomo wa ea klina, pale injini inapovutia hewa. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku tangu 2017 lakini karatasi za mkate bado ziko, zafaa sana, funga na raba bendi. Hakikisha kifuniko cha oili na dipstiki zimekaa sawa. Kama gari yako ni haibridi, zile waya nene za rangi ya machungwa usiziguse wala usizinyunyizie, huo umeme ni wa kuua.

Degrisa chukua ya kuchanganywa na maji. Petroli hapana, najua mafundi wengi wanaitumia, lakini mvuke wake unasubiri cheche moja tu na hozi za mpira zinafura. Pulizia sehemu ndogo ndogo, ngoja dakika 5 hivi, sugua na brashi, halafu pangusa na kitambaa kilicholoweshwa kikakamuliwa, rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Mashine ya presha ya kawoshi wachana nayo, inasukuma maji ndani ya soketi na huko hayatoki. Chini tandaza boksi kuukuu na mchanga zinyonye oili isiende kwa mtaro, mitaro yetu yaishia baharini.

Ukimaliza kausha na kitambaa kikavu, acha boneti wazi kama saa moja, toa zile karatasi zote, rudisha betri positivu kwanza, washa dakika 10 au 15. Kaa hapo uangalie, maana injini safi haifichi kitu, oili ikianza kutokeza pembeni ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ujue ni gasiketi yake imeisha. Na gari ikitetemeka kama inamisi, yaani plagi moja haichomi vizuri, zima usiendelee kuiendesha, ngoja ipoe, ng'oa koili moja moja, kausha ndani ya matundu zinamokaa plagi kwa kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi, rudisha ujaribu tena.