Karatasi ya Maswali 30: Namna ya Kusuluhisha Mvutano na Shule Kuhusu Mtoto Mwenye Ulemavu

Binti yangu ana mtindio wa ubongo. Mkono wake wa kulia hukaza, ulimi ni mzito, na ngazi huzipanda kwa kushika ukuta. Kichwa chake ni chepesi. Yeye ndiye hunihesabia chenji pale soko la Kibuye ninaposhona sare za shule. Alipokuwa Gredi ya 4, mwalimu mkuu wa shule yake, shule ya umma hapa Kisumu ambayo sitaitaja, aliniita ofisini akaniambia, "Mama, huyu mtoto tumejaribu. Muhula ujao tutampeleka yuniti." Yuniti ya pale ni darasa la watoto wenye ulemavu wa akili. Nilitoka nikilia mpaka Kondele.

Tangu hapo wazazi wengi wamenifuata kibandani na shida kama hiyo, wengine wakiwa na hasira kali, wengine wameshakata tamaa. Ninayowaambia ndiyo haya.

Usimtoe mtoto shuleni wakati mvutano unaendelea. Akishakaa nyumbani miezi miwili, shule haina tena haraka ya kukujibu, na mtoto anapoteza masomo kwa ugomvi wa watu wazima. Mpeleke kila asubuhi, sare imepigwa pasi, na umsalimie mwalimu wake wa darasa kama siku zote. Wetu alikuwa na watoto zaidi ya 60 mbele yake. Utamhitaji huyo mwalimu kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hiyo usimfanye adui.

Kisha kaa chini na madaftari ya mtoto. Mimi nilizitandaza karatasi zake zote za mitihani juu ya meza ya kukatia nguo, nikawasha taa, nikaanza kupekua moja moja. Ya Hisabati ilikuwa na maswali 30. Juu, kwa wino mwekundu, 17/30, na neno "Ajitahidi". Nikaanza kuhesabu. Kuanzia swali la 1 mpaka la 18 alikuwa amejibu yote, na amekosa moja tu. Kuanzia la 19 mpaka mwisho hapakuwa na hata nukta ya penseli. Nikachukua ya Kiingereza, ikawa vilevile: mwanzo umejaa, mwisho mweupe. Hata mwandiko ulikuwa unakua mkubwa na kuyumba kadiri ukurasa ulivyoendelea, kwa sababu mkono ulikuwa unachoka. Anayesoma 17/30 huona mtoto dhaifu. Mimi niliona mtoto aliyepata 17 kati ya 18, kisha kengele ikalia.

Tafuta kitu kama hicho kwa mtoto wako kabla hujaenda popote. Yaweza kuwa daftari, yaweza kuwa siku alizorudishwa nyumbani ukiziandika na tarehe zake, yaweza kuwa kadi ya kliniki. Weka kila kitu kwenye faili moja la plastiki, toa fotokopi, na nakala halisi usimwachie mtu.

Baada ya hapo dai tathmini. Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu vinavyojulikana kama EARC. Vilianza mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark, na ukiuliza katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako utaelekezwa kilipo. Hapo mtoto hupimwa anavyosikia, anavyoona, anavyosonga na anavyojifunza, kisha hutolewa ripoti yenye mapendekezo. Shule yetu ilikuwa imeamua kumhamisha bila ripoti yoyote. Mimi ni fundi wa nguo. Mtu akikata kitambaa kabla ya kushika futi, hata kama ni rafiki yangu, nitamzuia mkono. Usipokubaliana na ripoti, Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, nayo hupima. Safari ni ndefu na nauli si mchezo, kwa hiyo iache mpaka uone hakuna njia nyingine.

Sasa barua. Wengi wetu hupiga simu, au husimama langoni na kusema. Maneno ya langoni hayana tarehe. Yangu ilikuwa ya nusu ukurasa, na sehemu yenyewe ilisema hivi:

"Naomba nipewe kwa maandishi sababu za uamuzi wa kumhamishia binti yangu yuniti, pamoja na ripoti ya tathmini iliyotumika. Kabla uamuzi huo haujatekelezwa, naomba mambo haya yajaribiwe kwa muhula mmoja: apewe dakika 30 za ziada katika mitihani, darasa lake liwe la chini pasipo ngazi, na mkono ukichoka aruhusiwe kujibu kwa mdomo. Naomba tukutane ndani ya wiki mbili."

Ona kwamba sikusema "mtendeeni haki" wala "msimbague". Nilitaja dakika, nilitaja chumba. Ukiomba haki kwa jumla utapewa pole kwa jumla.

Kuhusu sheria, usiimwage yote siku ya kwanza, maana mwalimu mkuu atajifungia. Mimi nilitaja Kifungu cha 47 cha Katiba peke yake, kinachompa mtu anayeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 53 kinachoweka masilahi ya mtoto mbele ya yote, na cha 54 kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya elimu iliyounganishwa na jamii kadiri inavyomfaa, vilikuwa mkobani vikisubiri. Na barua iandike kwa Kiswahili ukitaka. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakubali maombi ya Kiswahili, na inaipa ofisi ya umma siku 21 za kukujibu.

Chapisha nakala mbili. Hili nalisema mpaka wazazi wanachoka kunisikia. Moja unamwachia karani wa shule. Ya pili anaigonga muhuri wa kupokelewa na kuandika tarehe, nawe unarudi nayo nyumbani. Akikuambia mwalimu mkuu hayupo, mwambie kwa upole kwamba huhitaji sahihi ya mwalimu mkuu, muhuri wa kupokea unatosha. Mimi niliambiwa muhuri umefungiwa kabatini. Nikaketi kwenye benchi nikisubiri kabati lifunguliwe, na saa tano na nusu likafunguliwa.

Kabla ya mkutano, uliza ni nani katika bodi ya shule anayewakilisha watu wenye mahitaji maalum. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imemtengea kiti, na wazazi wengi hawajui kama yupo. Wetu alikuwa mzee anayetembea kwa gongo, mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Nilimfuata dukani, nikamwonyesha ile karatasi. Aliisoma kimya, akasema tu, "Nitakuja."

Mkutanoni usiende peke yako. Nilikwenda na shangazi yake mtoto, mwalimu mstaafu, kazi yake ikiwa kuandika kila linalosemwa na nani amelisema. Mwalimu mkuu alianza kueleza jinsi walimu walivyo wachache, na alisema kweli. Nilimwacha amalize. Kisha nikaiweka karatasi ya Hisabati mbele yake nikamwomba, "Mwalimu, tafadhali geuza ukurasa." Akageuza, akarudi nyuma, akageuza tena. Mwalimu wa darasa ndiye aliyezungumza kwanza: "Mimi niliona mwisho hajazi, nikadhani hajui." Nikamjibu kwamba hata mimi sikuwa nimeona, mpaka nilipozitandaza mezani. Nilimaanisha hivyo, na nadhani jibu hilo ndilo lililolegeza chumba.

Sikupata yote. Kujibu kwa mdomo walikataa, wakasema hakuna mwalimu wa kukaa naye. Dakika 30 nilipata, chumba cha chini nilipata, na suala la yuniti likasimamishwa mpaka kituo cha tathmini kimpime. Kabla hatujaachana nilihakikisha mambo matatu yameandikwa na kutiwa sahihi: tumekubaliana nini, nani atafanya, na tutakutana tena lini. Ripoti ilipokuja ilipendekeza abaki darasa la kawaida.

Shule ikikataa au ikinyamaza, panda ngazi moja baada ya nyingine: mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti. Usidanganywe na jina. Bodi hiyo si ya gavana. Serikali ya kaunti husimamia chekechea, na nimeona wazazi wakipoteza wiki nzima kwenye korido za gavana kwa jambo la shule ya msingi. Usiporidhika na uamuzi wa bodi, kifungu cha 93 cha sheria hiyo ya 2013 kinakuruhusu kukata rufaa kwenye Mahakama Maalum ya Rufaa za Elimu. Ikiwa tatizo ni ofisi kukalia barua zako, Ombudsman, anayepokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma, ana ofisi hapa Kisumu, na hapo zile nakala zenye muhuri ndizo zitakazokusemea.

Lakini kuna mambo yasiyo ya mkutano. Mtoto akipigwa, akifungiwa chumbani au akiguswa vibaya, usiandike barua ya nusu ukurasa. Piga 116, simu ya watoto isiyolipiwa, nenda polisi na kwa afisa wa watoto.

Na tena, si kila mara darasa la kawaida ndilo jibu. Jirani yangu wa zamani wa Nyalenda alipigania mwanawe kiziwi abaki shule ya mtaani, na akashinda. Mtoto akakaa miaka mitatu katikati ya watu ambao hakuna hata mmoja aliyejua lugha ya ishara. Alipopelekwa shule ya viziwi, likizo ya kwanza alirudi akisimulia kwa mikono yote miwili, mama yake akabaki anamtazama kwa sababu hakuelewa ishara hata moja. Sasa mama anajifunza. Kwa hiyo kabla ya kuingia vitani jiulize mtoto atapata wapi watu wa kuzungumza naye.

Kwetu limebaki la choo. Mlango ni mwembamba na hakuna chuma cha kushika, kwa hiyo binti yangu hanywi maji tangu asubuhi ili asihitaji kwenda. Fundi wa kuchomelea amenipa bei ya kuweka chuma ukutani, nami nimeiambatanisha na barua. Niliipeleka Jumatatu iliyopita. Nakala yangu ina muhuri.